Fuso la Mama Suhaib na Kamba ya Kukunja

Mwaija, au Mama Suhaib, hakuwa mtu wa kelele. Mtaani kwake Ilemela walimjua kwa mlio wa nyundo. Mume wake alipofariki alimwachia mkasi wa bati na chuma cha kugongea, naye akaendelea kutengeneza majiko na ndoo za kumwagilia bustani. Magari madogo alianza kuyaunda mwezi mmoja wa Ramadhani, majiko yalipododa. La kwanza alilimaliza, akamshukuru Mungu, kisha akalivunja kwa sababu mlango mmoja haukufunga sawasawa.

Ndivyo alivyo. Mpole, lakini bati lililopinda halimpiti.

Mwaka jana alipeleka basi kwenye mashindano ya magari madogo. Waamuzi hawakulipima hata kidogo. Walilihamishia meza ya mapambo, katikati ya vikapu na maua ya plastiki. "Mama, huku litapendeza zaidi," wakamwambia. Akaliacha huko. Jambo hilo likamchoma mwaka mzima kama mwiba wa sato.

Mwaka huu alileta fuso la kubeba mpunga, akaliandikisha kwenye kundi la magari ya vipimo. Sheria ya kundi hilo ni moja: gari dogo liwe sehemu moja ya kumi na sita ya gari la kweli. Mwaija hatumii rula. Alikwenda Usagara kwa dereva mmoja aitwaye Masele, akanyoosha kamba kwenye kila kiungo cha fuso lake, tangu tairi hadi taa, kisha kila kamba akaikunja katikati mara nne. Ukikunja mara nne umepata moja ya kumi na sita. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Mwamuzi mkuu alikuwa Revocatus, kijana mwenye adabu na rula ya chuma. Alipima tairi, akarudia, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tairi la fuso likitoka kiwandani lina kimo cha sentimita themanini. Lako lingetakiwa kuwa tano, lakini hili ni sita. Naomba tulipeleke meza ya mapambo."

"Halihami."

Khalidi, ambaye gari lake jekundu lilikuwa jirani, akaangua kicheko. "Mama Suhaib, hilo fuso limevaa viatu vya baba yake!"

"Limevaa viatu vya shambani," Mwaija akamjibu. "Hivi wewe, la kwako ulilipimia wapi?"

"Kitabuni."

"Ndiyo maana. Kitabuni hakuna tope."

Watu wakacheka, safari hii upande wake. Mwaija akamgeukia mwamuzi, sauti ile ile ya chini. "Magari yanayoingia mashamba ya mpunga Misungwi hufungwa tairi kubwa, la sivyo yanazama. Sheria yenu inasema gari la kweli. Haikusema la kiwandani. Nililopima mimi ni la kweli, linatembea, na sasa hivi liko mashineni hapo juu linashusha mpunga. Mpigieni Masele aje."

"Mama, tuna magari ishirini ya kukagua."

"Kagueni. Mimi nipo." Akatoa simu, akampigia Masele mwenyewe.

Adhuhuri ikaingia. Mwaija alijua akienda msikitini atalikuta gari lake kwenye maua. Akatandika kanga pembeni ya meza, akaswali hapo hapo, na hakuna aliyethubutu kusogeza kitu.

Alipotoa salamu tu, honi ikalia uani. Masele alikuwa amefika na fuso tupu, vumbi la pumba hadi kwenye nyusi. "Nani anasema gari langu si la kweli?" akauliza kwa sauti. "Aje alisukume!"

Revocatus akainama na futi ya kamba, akapima tairi. Sentimita tisini na sita. Akagawanya kwenye simu yake, akaona sita. Akapima bodi, taa, kioo. Kila kitu kikalingana, naye akaanza kutabasamu. Lakini Mwaija alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa gari, akitazama nafasi iliyo kati ya tairi na bodi, na uso wake ukabadilika.

"Pima hapa," akasema.

"Inatosha, mama. Umeshinda hoja."

"Pima."

Akapima. Hata ikigawanywa kwa kumi na sita, nafasi ilikuwa kubwa kuliko ya fuso dogo. Mwaija akasonya. "Siku ile Usagara lilikuwa limeshiba magunia, springi zimelala. Nimepima gari lenye mzigo, nikaunda gari tupu. Nimekosea. Kata alama."

"Ni kitu kidogo, tuachie tu."

"Usiniachie. Mwaka jana mlininyima bila kupima, leo unataka kunipa bila kupima. Yote mawili ni dhuluma, na mimi zote mbili sizitaki. Kata."

Khalidi hakucheka tena. Revocatus akakata alama, na zilipojumlishwa Mwaija akawa wa pili, nyuma ya Khalidi kwa alama moja. Walipomletea cheti alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka mezani, asiketi.

"Bado kitu, mama?"

"Kitabu chenu cha sheria. Andika humo: gari dogo lipimwe kwa gari la kweli ambalo fundi wake aliliiga, aseme liko wapi, lije lionekane. Na gari lisilopimwa lisihamishwe meza."

"Tutalijadili kwenye kikao."

"Kikaoni sitakuwepo. Waamuzi wote watatu mko hapa. Lijadilini."

Walitazamana. Nje Masele alipiga honi; alikuwa na safari ya kurudi Usagara, na Mwaija alikuwa aondoke naye. Akamwashiria kwa mkono asubiri. Revocatus akanong'ona na wenzake, akakohoa, kisha akafungua kitabu na kuomba kalamu.

"Soma kwa sauti unapoandika," Mwaija akamwambia, "na Khalidi asikie."