Kigoda Juani

Harufu ya mafuta ya kondoo imenikuta leo sokoni Kakuma, nikaacha kununua na kuharakisha nyumbani.

Tulipokuwa watoto, mdogo wangu alikuwa na chunjua bapa mikononi na usoni, kama magamba. Mama alimpaka mafuta ya kondoo na udongo mwekundu, akaniagiza nimkalishe juani ili dawa iingie. Kivuli cha mgunga kilipomfikia, nilisogeza kigoda chake.

"Dada, kwani mimi ni nyama ya kukaushwa?"

"Kaa, wewe! Mafuta hayajaingia."

Alicheka, akakaa. Alinitii hivyo miaka mingi, mpaka chunjua za paji la uso zikawa vidonda visivyopona. Tulimzika kabla hajaoa.

Mjukuu wangu wa kike naye anazo chunjua hizo. Daktari wa Lodwar alisema ni udhaifu wa kuzaliwa nao katika ukoo: ngozi haiwezi kuvifukuza virusi vya chunjua, na jua huleta saratani. Namshukuru Mungu tumeambiwa mapema.

Nimemkuta uani, jua limefika magotini pake. Nimesogeza kigoda.

"Nyanya, si umenisogeza asubuhi?"

"Kaa, mama. Kivuli kimehama."