Mlango Uliomngoja Dereva

Wewe unayesoma haya, nani alikuambia kwamba mwanamke anayechambua pamba hawezi kufika kwenye nyota?

Nauliza kwa sababu nimechoka. Nimechoka kuwasikia watu wenye viatu vizuri wakisema kwamba mkulima anahitaji jembe, mbolea na hotuba, basi. Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa na maneno kama hayo kichwani, nikapangiwa kufundisha katika kijiji cha Didia, na huko Didia nikamkuta Limi.

Alikuwa mjane, mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Watu walimwita Mama Mabula, kwa jina la mwanawe wa pekee. Alilima pamba na mtama, alifuga mbuzi wachache, na hakuwahi kukaa darasani. Uani kwake palikuwa na nyumba mbili: yake, ya nyasi, na ya Mabula, ya bati, ambayo kijana alikuwa ameijenga kwa mikono yake ili siku moja alete mke.

Nilipofika pale mara ya kwanza ulikuwa mchana wa mavuno ya mwaka sabini na nane. Watu walikuwa wameketi kulizunguka lundo la pamba, kila mmoja kaziba pua kwa vidole, mashavu yamevimba. Nikadhani kuna mzoga karibu.

"Hodi hapa! Mwadila, wazazi wangu," nikasalimu kwa Kisukuma changu cha kujifunza.

Hakuna aliyeitika. Mama mmoja mnene, Eufrasia, akanikazia macho na kunionyesha pua yake, kwamba na mimi nizibe.

"Hewa imevuja," Limi akasema. "Mwalimu, umeingia bila kufunga mlango. Unataka tufe?"

Nikaziba pua. Mpaka leo sijui kwa nini nilitii.

Pamba ikishavunwa ni lazima ichambuliwe. Nyeupe kabisa hukaa upande mmoja, ndiyo safi. Iliyochafuliwa na wadudu au mvua hukaa upande wa pili, ndiyo fifi. Ni kazi ya kuketi kutwa, mgongo unauma na vidole vinakauka. Majirani huifanya kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na ili siku iishe huimba au husengenya. Kwa Limi walisafiri.

Zamani, redio ilipotangaza kwamba binadamu amekanyaga mwezini, mumewe alikuwa bado hai, na uani kwao watu walibishana hadi wakakosana. Limi hakubishana. Aliuliza tu: "Walikula nini huko? Na ng'ombe wao waliwaachia nani?" Hakuna aliyemjibu, kwa hiyo akaanza kujijibu mwenyewe, na mwanawe alipokua wakawa wanajibu pamoja. Hivyo ndivyo mchezo ulivyozaliwa.

Chombo chao walikiita lori la nyota, na kila aliyekaa kwenye lundo alikuwa na kazi ndani yake. Eufrasia alikuwa mganga. Mzee Maganga, jirani mbishi ambaye hata jua likichomoza alitaka ushahidi, alikuwa mchungaji, maana walikataa katakata kwenda popote bila ng'ombe. Mabula alikuwa dereva. Limi hakuwa na kazi. Yeye alikuwa giza, upepo, na kila kitu kilichowakuta njiani. Alikueleza umefikwa na nini, akakuuliza utafanyaje, nawe ukajibu. Kisha ukafumba macho na kuchomoa pamba lundoni. Ikitoka safi, umefaulu. Ikitoka fifi, shauri yako.

"Dereva," alisema siku ile, "mbele yako kuna mawe yanaelea, kila moja kubwa kama kilima. Unafanyaje?"

"Nazima taa, mama, halafu..."

"Mimi si mama yako. Mimi ni giza."

Watu wakaangua kicheko. Mabula akainamisha kichwa kwa adabu. "Basi shikamoo, giza. Nazima taa, nayapita polepole, kama napeleka ng'ombe mnadani."

Akafumba macho, akachomoa. Fifi, nyeusi kabisa.

"Mnaona!" Mzee Maganga akapiga goti lake. "Nilisema mimi. Kijana huyu hata baiskeli inamshinda. Atawamaliza ng'ombe wangu!"

"Dereva amevunjika mkono," Limi akatangaza. "Mganga?"

Eufrasia akachomoa upesi mno, ikatoka safi. Maganga akamdaka pindo la kanga, na vipande vyeupe vikamwagika chini.

"Mganga mwizi! Anatembea na bahati yake kwenye kanga!"

"Kwani umewahi kuona mganga asiye na dawa?" Eufrasia akajibu, na kwa kicheko hakuna aliyeweza kuendelea na kazi kwa muda mrefu.

Nilirudi kila siku baada ya shule. Walinifanya mpiga hesabu wa lori, kwa vile walidhani mwalimu hana kazi nyingine. Tuliishiwa maji, tukakamua ng'ombe. Tulipotea, tukarudishwa njiani na ndama. Na nilikuwa nikiwaza: huu ndio ukombozi wenyewe! Watu ambao hawajawahi kufika Mwanza wanaamua wenyewe namna ya kugawana hewa. Afisa mmoja aliyepita pale alisema ni upuuzi unaopoteza saa za kazi. Nilitaka kumshika shati. Lundo la Limi ndilo lililokuwa limechambuliwa vizuri kuliko yote kijijini.

Siku ya mwisho ya mavuno lori lilifika. Limi alituambia kwamba limetua juu ya udongo mwekundu, na kwamba mlango wa nyumba ya Mabula ndio mlango wa lori. Upande wa pili wa ubao ule kuna nyota. Tulikuwa tukiukodolea macho, ndipo mlango ukagongwa kutokea ndani.

Eufrasia alipiga yowe. Maganga akasimama, fimbo mkononi. Limi mwenyewe alibaki mdomo wazi, na hapo tukatambua kwamba dereva hayumo kati yetu. Alikuwa amezunguka nyuma na kupenya dirishani.

Alipotoka, vumbi kichwani, wote tulimvamia. Nani kagonga? Ni mtu? Ni mnyama?

"Aliyegonga namjua mimi peke yangu," Mabula akasema. "Hata giza hajui. Tutafungua mavuno yajayo."

"Niambie mimi tu, mwanangu," Limi akamnong'oneza.

"Sasa wewe ni mama yangu?" akamjibu, na mama yake akamchapa begani kwa kanga, akicheka.

Mavuno yajayo. Kabla mbegu mpya hazijaota, vita vilikuwa vimefika Kagera, na Mabula, aliyekuwa amepata mafunzo ya mgambo, alikuwa miongoni mwa vijana walioitwa. Tuliwasindikiza kwa ngoma. Nilihutubia siku ile, na kila neno nililosema nililiamini: kwamba nchi ni nyumba, na mwenye nyumba hawezi kulala mlango ukivunjwa. Mabula alifunga nyumba yake kwa kufuli, akamkabidhi mama yake ufunguo. Akiwa juu ya lori la jeshi, akapaza sauti:

"Mama, msifungue bila dereva!"

"Nani atathubutu?" Limi akajibu. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake.

Mwaka uliofuata pamba ilikubali. Lundo la Limi lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na watu walikuja kuchambua hata kabla zamu yake haijafika, wengine kutoka vijiji vya mbali, kwa sababu habari za mlango zilikuwa zimesambaa. Kila mtu alitaka sehemu ya pili ya safari. Vijana wa kijiji kimoja kwenye njia ya kwenda Tinde walichoka kungoja, wakajitungia ya kwao. Walifungua mlango wao wakakuta mji wa dhahabu. Walicheza mara moja tu. "Ukishapata dhahabu unabaki kufanya nini?" mmoja wao aliniuliza, kama mtu aliyedanganywa dukani.

Eufrasia alikuwa na uhakika kwamba aliyegonga ni mumewe Limi, marehemu, aliyetangulia kule. Kila siku aliongeza kitu: amevaa kanzu, amewasha moto, amepika.

"Hakujua hata kuchemsha maji," Mzee Maganga akasema. "Mimi nawaambia, acheni. Ile ya kwanza ilikuwa tamu kwa sababu hatukuitegemea. Hii mnayoitaka itakuwa kama uji uliolala. Utaupasha moto, lakini si ule."

"Kwa hiyo wewe hutaki kujua nani kagonga?" Eufrasia akamuuliza.

Maganga akachambua vipande kadhaa. "Nataka," akasema. "Ndiyo maana naogopa."

Nami nilikuwa moto. Niliona madarasa ya elimu ya watu wazima wilaya nzima yakipanda lori la nyota. Nilimwambia Limi kwamba safari haiwezi kumsubiri mtu mmoja, kwamba Mabula mwenyewe angetaka iendelee.

"Mwalimu anaweza kushika usukani," Eufrasia akadakia, "mpaka mwenyewe arudi."

Limi hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kutenga, safi huku, fifi kule.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mwaka jana nilikuwa giza. Nilijua kila kilichokuwa mbele yenu. Sasa kuna mlango, na kilicho nyuma yake sikijui. Anakijua yeye. Nikitunga cha kwangu nitakuwa nimesema nini? Kwamba nimeacha kumngoja?"

Tuliimba nyimbo za kawaida msimu ule wote.

Vita vilikuwa vimekwisha. Baadhi ya vijana walirejea, na kila aliyerejea Limi alimfuata kumuuliza. Mmoja alikuwa amemwona Mabula mjini Masaka. Mwingine alisikia amebaki Kampala kulinda daraja. Pamba nayo haikwenda popote, maana mafuta hayakuwepo na malori ya kuinunua hayakuja. Magunia yalijaa nyumba za watu hadi wakawa wanalala juu yake. Nyumba ya Limi ilipojaa, iliyobaki aliilundika uani na kuifunika kwa mikeka, mbele ya nyumba tupu ya bati yenye kufuli. Hakuna aliyethubutu kumwambia aiweke humo.

Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kukusanyika alipokuja mwenyekiti wa kijiji na askari mmoja. Ilikuwa mchana, tumeketi kwenye lundo. Askari alivua kofia kabla hajafika. Limi aliitazama ile kofia mkononi mwake, akasema, "Karibuni, wanangu, kaeni," akawasogezea kigoda, kama vile kuketi kwao kungechelewesha habari.

Mabula alikuwa amekufa tangu mwezi wa nne. Amezikwa Kagera, pamoja na wenzake.

Watu walikuja na unga, na kuni, na maji. Wanaume walikaa uani siku zote za msiba, wakiota moto kando ya lundo la pamba. Hapakuwa na kaburi la kuchimba, na mikono yao haikujua pa kujiweka. Nilimwona Mzee Maganga akichambua pamba msibani, na hakuna aliyemkataza.

Jioni ya kuhitimisha msiba nilisimama kusema. Nilisema Mabula hakufa bure. Nilisema anatudai heshima moja, kuifikisha safari yake, kwamba sehemu ya pili lazima ichezwe, iwe kubwa kuliko ya kwanza, kwa jina lake, na kwamba tukiuacha mlango ule umefungwa...

"Mwalimu," Maganga akasema. "Baba. Kaa chini."

Nikakaa. Ngurumo ilisikika mbali, upande wa magharibi. Watu wakaitazama pamba iliyokuwa nje, halafu wakamtazama Limi, halafu wakatazama chini. Limi alikuwa akilizungusha pindo la kanga yake kati ya vidole.

"Njooni asubuhi," akasema. "Mnisaidie."

Kesho yake nilifika jua likiwa limefichwa na mawingu. Eufrasia alikuwepo tayari, na Maganga, na wale wote wa lori. Limi, nywele zimenyolewa, alikuwa mbele ya nyumba ya bati. Alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akafungua kufuli na kulining'iniza kwenye kitasa. Lakini hakuusukuma mlango. Aligonga kwanza. Akangoja.

"Dereva," akasema. "Mimi si giza. Ni mama."

Akasogeza sikio kwenye ubao. Tuliusikia upepo ukiinua ncha za mikeka. Kisha akasukuma, akaingia, na kwa muda hatukumwona.

Mzee Maganga alikuwa amevua kofia. Sauti yake ilipotoka, ilikuwa ile ya mchungaji wa ng'ombe wa nyota, ila imepasuka.

"Mama Mabula. Kuna nani?"

Limi akajitokeza mlangoni. Begani alikuwa ameweka shati la mwanawe, lenye vumbi la mwaka mzima.

"Hamna mtu," akasema. "Leteni pamba."

Tukabeba. Tulibeba safi na fifi pamoja, bila kutazama, huku matone ya kwanza yakipiga bati. Kitanda cha kamba kikafunikwa, dirisha la nyuma likafunikwa, na gunia la mwisho lilipoingia mlango ulikataa kufungwa, hivyo Limi akauegemea kwa mgongo wake, akaketi pale kizingitini, akilitazama lile eneo la udongo ambapo lundo lilikuwa, likigeuka jeusi kwa mvua.