Baiskeli Niliyomchagulia Mdogo Wangu

Kuna Jumamosi moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyovaa joho la chuo kikuu. Ilikuwa siku ya gulio pale Nyaishozi, kiangazi kikali, vumbi limelala njiani laini kama unga wa muhogo. Nilikuwa nimesimama mbele ya baiskeli nne za mtumba, simu mkononi, najiona jaji.

Nakuita mwanangu ingawa umri wangu haujafika wa kutoa nasaha. Sina hata mvi moja. Tena mimi ni mbishi. Hata methali nikipewa huuliza imethibitishwa na nani. Lakini yako mambo ambayo mtu huzeeka nayo kabla ya miaka, na hili ni mojawapo.

Nilikuwa nimemaliza shahada na kurudi nyumbani bila kazi. Baba alikuwa ameuza kahawa, akaamua mdogo wangu Jovin anunuliwe baiskeli ya kushushia ndizi kutoka kibanja chetu cha migomba, juu kilimani, hadi barabara kuu wanakopakia malori. Jovin alikuwa na miaka kumi na tisa. Mfupi, mkakamavu, mcheshi. Kwenye kwaya ya kanisani aliimba sauti ya nne, na wageni waligeuza shingo kutafuta jitu linaloimba wasilione. Alikuwa na mpango wake: abebe ndizi misimu miwili, kisha aende kusomea ufundi wa magari. Kwa hiyo baiskeli ile haikuwa baiskeli tu. Ndiyo ilikuwa ada yake.

Baba alisema mbele yetu wote, "Dada yako ndiye aliyesoma. Yeye atachagua."

Basi nikasoma. Wiki mbili nzima nilisoma kwenye simu habari za matairi, breki na fremu, kwa sababu njia yetu ina tabia mbili. Kutoka kibanjani hadi chini ni mteremko wa vumbi tifutifu, ambalo masika hugeuka tope. Ukifika chini unakutana na barabara iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu, na hapo hapo pana kona kali. Tairi jembamba hukimbia vizuri kwenye ugumu lakini huzama vumbini. Tairi nene lenye meno hushika vumbi, ila kwenye ugumu ni zito na konani linayumba. Na pesa ya kahawa ilitosha baiskeli moja.

Nikaipata. Tairi la wastani, meno madogo madogo, breki za fito za chuma, fremu ndefu ya chuma kizito. Niliwabishia wauzaji wawili kwa hoja hadi mmoja akasema, "Dada, wewe nunua tu, nitakupa na duka."

Jovin alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ameshika usukani wa baiskeli nyingine, fupi, rangi imebabuka, tairi zake karibu sawa na za ile niliyoipenda. "Dada," akasema, "hii je?"

"Hiyo ya watoto wa shule," nikamjibu bila kugeuka. "Watu watakucheka."

Akaiachia. Akaja kunisaidia kuisukuma ile niliyoichagua.

Tulipokuwa tunaipandisha nyumbani tukampita jirani yetu, Mzee Evodi, ambaye alianza kubeba ndizi kwa baiskeli kabla sijazaliwa. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba, akaizunguka baiskeli mara moja, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akavuta breki.

"Nzuri," akasema. "Umeinunulia barabara baiskeli. Huyu mwenye kuiendesha umemnunulia nini?"

Nikamweleza habari ya matairi. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kuliko nilivyostahili. Kisha akamwambia Jovin, "Kijana, panda. Simama hapo."

Jovin akapanda. Vidole vya miguu viligusa ardhi, visigino havikugusa.

"Waitu, wenzangu, mteremkoni mtu hushika ardhi kwa kisigino," akasema mzee. "Irudisheni leo leo, muuzaji hajaondoka."

Nami nikasema maneno ambayo ningeyanunua leo kwa bei yoyote ili yarudi kinywani. Nilisema, "Mzee, ushahidi wa hilo uko wapi? Tutashusha tandiko. Ataizoea."

Mzee akamtazama Jovin, si mimi. Jovin akatabasamu. "Nitaizoea," akasema.

Tulishusha tandiko hadi mwisho wake. Vidole vikawa nusu wayo. Nikaridhika.

Majuma matatu baiskeli ilifanya kila nilichosoma kwamba itafanya. Vumbini haikuzama, kwenye ugumu haikujiburuza, na mimi nilipita nikijisifu kwa mama. Juma la nne, asubuhi, Jovin alishuka na mikungu minne. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na hapo nabishana nao hadi leo, maana wanawake waliokuwa wakivuna maharage kando ya njia wanasema alikwenda pole kabisa. Alipotoka vumbini na gurudumu la mbele kugusa ule ugumu wa konani, mzigo ukalalia upande wa kushoto. Akatoa mguu aisimamishe. Kisigino kikatafuta ardhi, kikaikosa kwa upana wa kiganja. Baiskeli na mikungu yote vikamwangukia juu ya goti.

Wanawake wale wakambeba. Nilipofika hospitali alikuwa amelala mguu umefungwa, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, breki zako ni nzuri kweli. Hazina kosa."

Mfupa uliunga, goti halikukunjika tena vizuri. Chuo cha ufundi alikwenda kuulizia mwaka uliofuata, kwa magongo. Walimwonyesha shimo ambamo fundi huingia kutengeneza gari kwa chini, akaona ngazi zake, akarudi. Sasa ana kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu pale senta. Anaishi, ameoa, anacheka. Lakini huwa namwona anavyoacha kazi mkononi na kutazama lori bovu likisimama mbele ya kibanda na vijana wakiingia uvunguni mwake.

Miaka mingi ilipita kabla sijathubutu kumuuliza. "Kwa nini hukusema kwamba ni ndefu?"

Hakunionea huruma wala hakunikasirikia. "Ningesemaje, dada? Baba alishasema. Na wewe ulikuwa umesoma wiki mbili. Mimi nilikuwa na miguu tu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Nimeichunguza methali hiyo kuliko zote, mwanangu, nikaona wahenga hawakutuambia kwamba guu linalovunjika linaweza kuwa la mtu mwingine. Mkaidi nilikuwa mimi. Miguu yangu yote miwili inakunjika.

Nilijisifu kwamba nahoji kila kitu. Nilihoji wauzaji, nilihoji mitandao, nilihoji mzee aliyebeba ndizi maisha yake yote. Mtu mmoja tu sikumhoji, naye alikuwa hatua mbili nyuma yangu, mkono juu ya baiskeli iliyomfaa.

Basi sikia. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja na njia zako ni mbili, usitafute kilicho bora kwa njia hii wala kwa ile. Tafuta kinachovumilia zote. Tairi la wastani linatosha. Rangi iache. Breki zijaribu ukiwa umepakia mzigo, mteremkoni, si pale mbele ya muuzaji penye uwanda. Lakini kabla ya hayo yote mpandishe atakayekiendesha, mwambie akanyage ardhi, uiname uangalie visigino vyake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimchagulie mtu kitanda kisha ukamwambia atazoea.

Na ukiwa wewe ndiye mdogo, uliyezoea kuitikia, sema. Sema mara ya pili hata kama ya kwanza hukusikilizwa. Heshima isiyoweza kusema "hainifai" humtia hatarini hata anayeheshimiwa.

Elimu yako siidharau. Niliipenda yangu na bado naipenda. Endelea kuuliza. Ila swali lako la kwanza limwendee yule atakayeumia ukikosea.

Mungu akujalie kusoma sana na kusikia zaidi. Akulinde mteremkoni, wewe na wale utakaowachagulia, na kila mguu unaokutegemea uikute ardhi.