Nilifungulia maji ya asidi kwenye mfereji, kumbe zamu ni ya bibi yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Haya yamenikuta mwenyewe huku Same, sijatia hata chumvi ya kuonja.

Nina hasira, mtanivumilia.

Mimi ni la saba tu, ila ndoto ninazo. Nilipata kazi kwa jamaa mmoja anayetoa shaba chini ya milima.

Mawe ya kijani yanasagwa, yanalowekwa kwenye asidi, mashimo yametandikwa plastiki. Maji yanageuka bluu, mazuri mpaka nikayapiga picha nikaweka status.

Kisha tunatumbukiza vyuma chakavu. Shaba inatoka majini inaganda kwenye chuma, nyekundu kabisa. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Nikajiona na mashimo yangu matatu.

Bluu ikiisha, yanabaki maji ya kijani hafifu. Bosi alisema hayo sasa ni maji tu, ukali umeondoka na shaba.

Nikamwamini. Wakuu, asidi haiondoki na rangi! Na yeye alijua, maana hakuyagusa hata siku moja bila glovu. Mimi nilikuwa mikono mitupu.

Sasa kwetu Upareni tuna ndiva, bwawa la kijiji. Maji ya mlimani yanalala humo, asubuhi linafunguliwa, watu wanamwagilia kwa zamu.

Asubuhi moja bosi akaniambia, "Ndiva ikifunguliwa na wewe fungulia maji ya shimo yaingie mferejini, yapate wa kuyasindikiza."

Nikacheka, nikafungulia. Sikuuliza zamu ya nani.

Ilikuwa ya bibi, mzaa mama.

Siku ya tatu maharage yake, tena yenye maua, yamebabuka kama yamepitiwa na moto. Bibi akadhani ni wadudu. Namkuta anayamwagia majivu, huku anamsimulia jirani kwamba mjukuu wake sasa ni fundi wa madini.

Nililia nyuma ya choo, sioni aibu kusema.

Nikamfuata bosi. Hakukana. Alisema, "Mkono uliofungulia ni wa nani, dogo? Nenda kaseme."

Nikaenda kweli. Nikasema mbele ya kamati ya ndiva, bibi amekaa pale pale. Nikapewa adhabu ya kuzoa tope la mfereji wote peke yangu. Halali yangu.

Kesho yake ukaitishwa msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima. Wakaja na majembe na mawe, wakaziba njia ya maji ya bosi kuingia mferejini. Akapiga kelele kwamba ana kibali. Mzee anayepanga zamu za maji akamjibu taratibu, "Cha kuchimba unacho. Cha kutunywesha je?"

Bibi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ungeuliza zamu ya nani." Tangu hapo silali vizuri, maana ingekuwa zamu ya mtu baki, ningeumia hivi?

Mnaojua kemia, udongo ule unaponaje? Nasikia chokaa, wengine wanasema hata majivu. Kama ni hivyo, bibi alianza tiba kabla yetu.

Na nyie vijana wenzangu wa mashimoni, mtu akikwambia haya ni maji tu, mwambie avue glovu kwanza.