Chaki ya Kutembea

Nimewahi kuuza nyanya Kimana, nikafagia ngazi za maploti ya kupangisha Rongai, nikalea watoto wa watu Laiser Hill, na kila mahali nilianza kupakumbuka kabla hata sijafunga mizigo. Miguu yangu haijui kutulia. Ndugu zangu wa Ukambani walicheka sana waliposikia nimepata kazi ya kukaa darasani, mimi niliyemaliza kidato cha nne nikiwa nimetazama dirisha zaidi ya ubao.

Kazi yenyewe ilikuwa ya msaidizi katika darasa dogo la shule moja ya msingi hapa Kitengela, upande ule ambapo ua wa shule unaishia na nyika inaanza, na upepo unaleta vumbi na harufu ya mbuzi mpaka kwenye chai ya walimu. Watoto wetu walikuwa wachache, na akili walikuwa nazo. Kilichowalemea kilikuwa hisia zao. Jambo dogo ambalo mimi na wewe tungelisahau mara moja, kama kiti kukwaruza sakafu, lingeweza kumfanya mmoja wao ajifiche chini ya meza hadi saa ya kwenda nyumbani.

Mwalimu wa darasa, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, alinipa masharti siku ya kwanza.

"Hapa hatuchapi, hatupigi kelele, na hatuulizi 'kwa nini umefanya hivyo' wakati mtoto bado anatetemeka. Tunangoja."

"Na nikingoja huku ananiuma?"

"Unangoja ukiwa umesimama mbali kidogo."

Aliyeniuma wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kama tisa, mtoto wa Kimaasai aliyeishi na nyanya yake nyuma ya soko. Shule mbili zilikuwa zimemkataa. Alisoma vizuri kuliko wenzake wote, na akifurahi aliimba mpaka wapishi wakatoka jikoni kumsikiliza. Lakini woga ukimshika alipindua madawati, akapiga mayowe mpaka sauti ikaisha, kisha akalala kama mtoto mchanga. Kila mwezi nyanya yake alimpeleka kliniki Kajiado, na dawa zilimsaidia. Hata hivyo, kati ya asubuhi na saa tisa kulikuwa bado na mengi ya kumtisha.

Mwalimu alijua dalili zake. Kola ya sweta ikianza kwenda mdomoni, alifungua kabati bila haraka, akatoa boksi la chaki na kumpa mtoto.

"Mama, hebu nipelekee hizi kwa darasa la sita."

Darasa la sita lilikuwa ng'ambo ya uwanja. Mwalimu wa huko alikuwa ameelezwa. Alipokea boksi, akachungulia ndani, akasema, "Asante sana, lakini leo tuko nazo za kutosha. Mrudishie mwalimu wako." Boksi likarudi kabatini. Mtoto alikuwa amevuka uwanja mara mbili katika upepo, ameshika kitu mkononi, na mtu amemshukuru. Mara nyingi hiyo ilitosha. Mimi nilimfuata kwa nyuma, na miguu yangu ilifurahi, maana sijawahi kupata kazi nyingine ya kulipwa kwa kuzurura.

"Parseli imefika!" wanafunzi wa darasa la sita walimtania. Kisha wakamgeukia mwalimu wao, "Tisha, weka sahihi!"

Msichana wetu alinyoosha shingo kama karani wa posta. Boksi lilikuwa lile lile muhula mzima, na sisi watu wazima tulijiona werevu kwelikweli.

Muhula wa pili baadhi ya wazazi wakalalamika. Wakasema mtoto anayepindua madawati hafai kukaa na watoto wao. Tukaambiwa afisa wa elimu atakuja kutoka Kajiado kumwona na kuamua kama atabaki kwetu au atapelekwa shule ya bweni, mbali sana, upande mwingine wa nchi. Nyanya yake alikuja kutuuliza swali moja tu.

"Huko, nani atajua hapendi kufunikwa mwili, anapenda kufunikwa miguu peke yake?"

Mwalimu alikataa kumfanyisha mtoto mazoezi ya kujifanya mtulivu. "Afisa aone siku kama siku nyingine," alisema.

Afisa alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Aliketi nyuma ya darasa. Hesabu ilienda vizuri. Kisha simu yake ikalia kwa sauti ya kuamsha mtaa, na kola ya sweta ikaingia mdomoni.

Mwalimu alifungua kabati. Msichana akachukua boksi, akatoka. Nikamfuata, na afisa akanifuata mimi, visigino vyake vikizama vumbini.

Jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka ni kwamba mwalimu wa darasa la sita alikuwa ameenda na timu ya mpira. Nafasi yake ilishikwa na kijana aliyekuwa bado anafanya mazoezi ya ualimu, na hakuna aliyemweleza chochote. Tena darasa hilo lilikuwa halina chaki tangu Jumatatu. Alipokea boksi kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa nyama choma.

"Mungu ni mwema! Mwambie mwalimu wako nimeshukuru sana!"

Akatoa kipande, akakivunja katikati, akageukia ubao na kuanza kuandika.

Mwanafunzi wa dawati la mbele akanong'ona, "Tisha, rudisha. Utajuta."

"Nyamazeni huko! Mnataka niandike na kidole?"

Mtoto wetu alisimama mlangoni. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa dawati la karibu, vidole vimekaza, na bega linatetemeka. Nililijua lile bega. Afisa akavuta pumzi aseme kitu. Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilimshika mkono wa koti.

"Tungoje, madam."

Tukangoja. Upepo uligonga mlango mara kadhaa.

"Hiyo si ya kuandika," mtoto akasema.

Kijana akageuka. "Eh?"

"Hiyo si ya kuandika. Hiyo ni yangu ya kutembea. Unaangalia ndani, unasema asante, unanirudishia. Halafu naenda."

"Mwalimu wako anajua mambo haya?"

"Ni yeye hunipatia. Anafikiri mimi sijui."

Nilisikia afisa akikohoa nyuma yangu, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Kijana alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaitazama ile miwani yenye mnyororo. Akarudisha vipande vyote ndani ya boksi, akalifunga, kisha akalifungua upya na kuchungulia kwa makini sana.

"Asante sana," akasema. "Lakini leo tuko nazo za kutosha."

"Tuko nazo!" darasa la sita wakaitikia kwa pamoja, watu ambao hawakuwa na hata unga wa chaki.

Mtoto akalichukua boksi lake, akatupita bila kutuangalia, kola bado mdomoni, akazunguka goli la mbali, akarudi kuketi.

Usidhani alikuwa amepona. Saa ya chakula githeri ya jirani yake ilimwagika, na dawati likapinduka. Afisa aliyaona hayo pia, tangu mwanzo hadi mwisho, akingoja pamoja nasi, amesimama mbali kidogo. Jioni alimwambia mwalimu, "Mtoto anayetetemeka hivyo na bado anaweza kusema anachohitaji, ametolewa mbali. Msimwanzishie safari upya. Abaki. Wazazi nitaongea nao mimi."

Nikatumwa kumpa nyanya habari. Nilimkuta nje ya geti, amevaa shanga zake nzuri, ameketi juu ya sanduku la bati. Alikuwa ameelewa kwamba gari la Kajiado lingeondoka na mtoto siku hiyo hiyo, naye hakutaka aende bila blanketi.

"Anabaki, shosho."

"Mpaka lini?"

"Anabaki tu."

Alivuta mkono wangu na kunitemea mate kidogo kiganjani, baraka ya kwao, akacheka mpaka shanga zikalia.

Kengele ilipogongwa, mtoto alitoka, akaliona sanduku, akalifungua. Ndani mlikuwa na blanketi, sabuni, na chapati zilizofungwa kwa kitambaa.

"Hizi ni za nani?"

"Zilikuwa za safari," nyanya akamjibu.

"Safari ya nani?"

"Ya mtu ambaye haendi. Kula."

Tukazila hapo hapo, tumeketi watu watatu kwenye mfuniko mmoja, bati likilalamika. Baadaye nyanya akashika mshikio mmoja wa sanduku, nami nikashika mwingine, na mtoto akatangulia, akiwaamuru mbuzi wa watu watupishe njia.