Kikombe cha Meza ya Bwana Kwenye Pombe ya Posa

Kosa nitakalolieleza ni dharau kwa kitu kilichotengwa kwa ajili ya Mungu. Nililishuhudia mwenyewe kijijini kwetu Rungwe Mpya, miaka ile ya tisini wakimbizi walipokuwa wakimiminika kutoka Burundi, na sitaongeza neno.

Mjane mmoja mkimbizi, Spesioza Nzeyimana, akipelekwa kambini upande wa Kibondo, alimwachia shemeji yangu Bazili kikombe cha Meza ya Bwana kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Marehemu mumewe alikuwa katekista, na njiani wezi walikuwa wengi. Bazili aliahidi kukitunza. Alikitunza hadi siku wakwe walipokuja kumposa binti yake.

"Shemeji, rudisha hicho," nilimwambia nilipomwona akikijaza pombe ya ndizi.

"Acha ulokole wako," alijibu akicheka. "Wakwe wanywee kibuyu kama wachunga mbuzi, na chombo cha kung'aa kimelala sandukuni?"

Jua lilikuwa halijazama alipoingia mzee mmoja mrefu. Sisi tulidhani amekuja na wakwe. Wakwe walidhani ni wa kwetu. Alisalimu kwa heshima zote, "Mwidiwe, mwidiwe," akipiga makofi kama Waha tufanyavyo. Niamini, msomaji: viganja viligongana mbele ya macho yangu, wala sauti haikutoka. Nani angethubutu kuuliza? Alikitwaa kikombe, akampa Bazili kwa mikono miwili.

"Mwenye nyumba huonja kwanza," alisema.

Ndiyo desturi yetu, mgeni apate kuona kwamba hamna sumu. Bazili akanywa. Tulipogeuka, mgeni hayupo, na waliokaa mlangoni hawakumwona akipita.

Tangu jioni ile koo la Bazili lilifunga. Maji yalirudi, uji ulirudi. Hospitalini walimmulika kooni wasione hata kidonda. Alipoanza kulegea, dada yangu alilia kama aliyekwisha kufiwa, nami nikaamua kwamba hatutazika mtu kwa sababu ya aibu. Nilimpandisha lori la mahindi liendalo Kibondo, kikombe mapajani mwake. Njia nzima alinisihi turudi, kwani ataanzaje kumtazama yule mama usoni? Nilikataa.

Mjane tulimkuta katika kanisa lao la turubai. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mlidhani ni dhahabu?" aliuliza. "Ni shaba tu, baba. Mume wangu alikinunua sokoni, penye masufuria. Ila tulikwisha kumpa Mungu, na hatukubakiza." Akamwonyesha meza. "Kiweke mwenyewe."

Bazili alikiweka, akapiga magoti, akakiri kosa lake mbele ya watu wote kwa sauti ya kukwaruza. Yule mama akamwombea kwa Kirundi, kisha akampa maji katika kopo la plastiki. Yakapita.

Bazili yu hai. Lakini hata leo pombe ikimgusa midomo, koo hufunga. Na sisi na wakwe tungali tunabishana mzee yule alikuwa wa upande gani.

Nawe uliye na kengele ya kanisa shambani, au kitambaa cha madhabahu juu ya redio yako, usiniambie kwamba ni kitu tu. Kirudishe ungali unameza. Si kila mkosaji atafungua mlango wa turubai akamkuta Spesioza Nzeyimana.