Kijani Ndani ya Buibui

Mimi ndiye niliyemtoa mama yangu kwenye kilimo cha mwani, na bahari ilipopata joto kali sikuweza kulisahau hilo hata kwa saa moja. Nilikuwa nasoma mjini, nikarudi Bwejuu na maneno matamu: tupande matumbawe, samaki watarejea. Mama akaniamini. Yeye na wenzake wakafunga vipande vya matumbawe kwenye meza za chuma chini ya maji, wakawa wanavisugua uchafu kwa miswaki.

Joto lile likayageuza matumbawe yote ya mezani meupe pepe. Kwetu tumbawe jeupe limekufa, ni jiwe la kuchomea chokaa, halina mjadala. Bi mwenyekiti wa kikundi chao akaamua yang'olewe siku hiyo hiyo, kila mtu arudi kwenye mwani wake. Mama akaanza kukusanya miswaki. Afadhali angenitukana.

Nikaomba kipande kimoja kwenye beseni la maji ya bahari. Nilikuwa na kurunzi ya mwanga wa zambarau niliyoazima maabara ya chuoni. Kule tunatumia protini inayong'aa, iliyotoka kwa yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha, kuona yanayotendeka ndani ya seli. Matumbawe nayo yana protini zake, za kijani, nyekundu, hata buluu. Tumbawe lililopauka likiwa hai, nyama yake bado hung'aa. Ila lazima pawe na kiza, na ilikuwa saa nne ya asubuhi.

Mimi, mama na wenzake tukajifunika kanga yake, beseni likiwa katikati. Beseni zima likawaka buluu! Wote wakashangilia, na mimi msomi nikashangilia kuwashinda, mpaka nikaona hata ukingo wa beseni unawaka. Ilikuwa kanga. Mama aliifua jana kwa sabuni ya unga, na sabuni ile ndiyo iliyong'aa.

"Leteni buibui langu jeusi la zamani," mama akasema. "Lile halijui sabuni ya unga."

Akaingia chini ya buibui peke yake, na beseni na kurunzi. Mimi nilibaki nje.

"Mama, unaona nini?"

"Ngoja, nnaangalia."

Bi mwenyekiti alishika nondo ya kung'olea, ananitazama.

"Kijani," mama akasema kutoka ndani. "Kijani mpaka nchani."

Nikakaa mchangani nikalia, na sioni haya kusema. Mama akatoka, jasho linamtiririka, akaichukua ile nondo mkononi mwa Bi mwenyekiti bila ya kumwomba.

"Haya, lirejesheni baharini upesi," akasema. "Litakufa kwa kuangaliwa."